Mguu umerudi, mkono bado: mazoezi ya mkono baada ya kiharusi

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 58 na tunaishi Korogwe. Wiki 10 zilizopita alipata kiharusi na upande wake wote wa kulia ukalegea. Sasa anatembea kwa fimbo, lakini mkono wa kulia anaulaza tu mapajani. Anaweza kuunyanyua kidogo kutokea begani na kufumba vidole, ila kuvifumbua ni kwa tabu. Kuna bibi jirani anakuja kumchua kila asubuhi, na mjomba amefunga kamba na gurudumu mlangoni ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa kwenda juu. Usiku bega linamuuma. Hospitali tunakwenda mara moja kila wiki mbili kwa sababu ya nauli. Je, mkono utarudi? Ni kweli kwamba miezi mitatu ikipita haurudi tena? Tununue mpira wa kufinya au mashine ya umeme? Na je, ataweza tena kupika maandazi yake ya kuuza?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Umeuliza mengi na nitayajibu yote, lakini kabla hujasoma zaidi nakuomba umfuate mjomba, umweleze kwa adabu, na ile kamba ya mlangoni ifunguliwe leo. Najua ameifunga kwa mapenzi, wala si yeye peke yake aliyewahi kufikiri hivyo, kwani gurudumu la namna hiyo lilikuwa kifaa cha kawaida katika vyumba vingi vya mazoezi. Nimeanza nalo kwa sababu maumivu anayoyapata mama usiku yanaweza kuwa yanatoka hapo, na bega linalouma huwakatisha wagonjwa wengi mazoezi kabla mkono haujapata nafasi ya kujaribu.

Bega halikuumbwa kama nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe, ilhali kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kisahani kidogo, na kinachokishikilia mahali pake ni misuli inayokizunguka kuliko mfupa wenyewe. Misuli hiyo ikilegea, uzito wa mkono unaanza kukivuta kichwa cha mfupa kwenda chini. Mkalishe mama kwenye kiti, mikono yote miwili ikining'inia, kisha pitisha kidole chako taratibu chini ya ncha ya mfupa wa juu wa bega, kwanza upande wa kushoto na halafu wa kulia. Ukikuta upande wa kulia kuna kishimo ambacho upande wa kushoto hakuna, basi bega limeshuka. Mtu mwenye afya anapoinua mkono, bapa la bega huzunguka na mfupa wa mkono hujigeuza kwenda nje ili upate njia ya kupanda. Kamba haifanyi hayo. Inavuta tu, na mfupa unazibana nyama laini zilizo juu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliofanyishwa mazoezi ya kamba na gurudumu walipata maumivu ya bega, na katika makundi yaliyonyooshwa mkono kwa njia nyingine walioumia walikuwa wachache. Utafiti wenyewe ulikuwa na wagonjwa 28 tu, lakini unalingana na yale ambayo nimeyaona kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo sipendekezi kamba kwa mgonjwa wa kiharusi hata mmoja.

Kuanzia leo, mtu yeyote asimvute mama kwa mkono wa kulia, iwe ni kumwamsha kitandani, kumpandisha kwenye bajaji au kumvalisha. Nguo ianze kuingia mkono wa kulia na iwe ya mwisho kutoka mkono huo. Akiketi, mkono mzima kuanzia kiwiko ulale juu ya meza au mto, badala ya kuning'inia pembeni mwa kiti. Akilala, mlazeni ubavu wa kushoto, na mkono wa kulia uletwe mbele juu ya mto, kiganja kikiwa wazi. Akilala chali, wekeni mto mwembamba chini ya bapa la bega na mkono wa juu. Ikibidi mtu mwingine aunyanyue mkono ule, ashike kwa mkono mmoja juu kidogo ya kiwiko na kwa mwingine kwenye kifundo cha mkono, dole gumba la mama likielekea juu, na asivuke usawa wa bega. Kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni kinafaa wakati wa kutembea tu. Akishaketi kivuliwe, kwa maana mkono unaoshinda umekunjwa kifuani hukakamaa katika mkunjo huo huo.

Nilipata kumhudumia mzee mmoja, fundi seremala, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kufumbuka vizuri tangu wiki ya tatu. Lakini huko wodini alikolazwa mwanzo alikuwa akinyanyuliwa kwa kuvutwa mkono, na bega likaumia kiasi kwamba kwa miezi miwili hakukubali mtu yeyote auguse. Vidole vilikuwa tayari kwa kazi, na bega halikuviruhusu kuifikia meza. Ndiyo maana nimelitanguliza bega.

Ikiwa mkono wa mama umevimba kuanzia kiganjani, ukawa wa moto, ngozi inang'aa na vidole vinauma vikikunjwa, msisubiri siku ya miadi. Hilo ni tatizo la peke yake lenye dawa na mazoezi yake, na hutulizwa kwa urahisi zaidi likiwahiwa.

Bibi anayemchua asifukuzwe. Kuchua kwa mkono laini na mafuta kunamtuliza mama, kunailainisha ngozi, na kunamkumbusha kwamba mkono ule bado ni wake, jambo ambalo wagonjwa wengine hulipoteza kabisa. Ninachoomba ni mambo mawili: asivute, asinyonge wala asisikilizie viungo vilie, na ninyi nyumbani msihesabu kwamba mkono umeshafanyishwa mazoezi kwa siku hiyo. Mama anapochuliwa, ubongo wake hautoi amri yoyote. Tatizo la mama halimo mkononi, limo kichwani, upande wa kushoto wa ubongo, ambako nyuzi zinazopeleka amri kwenye mkono wa kulia zilikosa damu au ziliumizwa na damu iliyovuja. Misuli yake ni mizima. Kinachohitaji kufunzwa upya ni yule anayetoa amri, naye hujifunza pale tu mama mwenyewe anapokusudia kufanya jambo, akajaribu, akakosea, akajaribu tena.

Unashangaa kwa nini mguu umetangulia. Sehemu ya ubongo inayoongoza mkono na uso iko ubavuni mwa ubongo na hulishwa na mshipa wa damu wa kati, ambao ndio unaoziba mara nyingi zaidi katika kiharusi. Sehemu ya mguu imejificha katikati, kwenye mfereji unaotenganisha nusu mbili za ubongo, na kwa kiasi kikubwa hulishwa na mshipa mwingine. Zaidi ya hapo, kutembea ni mwendo unaojirudia, unaosaidiwa na njia za zamani za uti wa mgongo, na mtu anaweza kutembea kwa mguu uliorudi nusu. Mkono hauna nusu. Kikombe ama kimeshikwa ama kimedondoka, na kufungua kifungo kunadai kila kidole kifanye kazi yake kikiwa peke yake. Tena mguu wa mama ulilazimishwa kufanya kazi tangu siku alipotaka kwenda msalani, kwa sababu hakuna anayeweza kutembea kwa mguu mmoja, lakini mkono wa kushoto upo, unajua, na umechukua kazi zote.

Hili la mwisho ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub, aliyefanya kazi zake za baadaye katika Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, aliona katika majaribio ya nyani kwamba mnyama aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja aliacha kabisa kuutumia, ingawa neva za kuuendesha zilikuwa nzima. Mkono mzuri ulipozuiwa, ule ulioachwa ulianza kufanya kazi. Nyani alikuwa amejifunza kutoutumia: alijaribu siku za mwanzo, akashindwa, akaona mkono wa pili unatosha, na hata uwezo uliporudi hakujaribu tena. Binadamu hupita njia hiyo hiyo, na sisi jamaa zake tunamsaidia kuipita. Tunamlisha, tunamwogesha, tunamfunga kanga, tunamwambia, "Mama, wacha, utamwaga." Kila kazi tunayomnyang'anya ni zoezi ambalo ubongo wake umelikosa, na kwa mgonjwa anayeonana na mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mara moja kwa wiki mbili, mazoezi ya nyumbani ndiyo tiba karibu yote.

Kuhusu miezi mitatu, umeambiwa jambo lenye ukweli ndani yake lakini limepindishwa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kurudi kwa nguvu hutokea katika wiki za mwanzo hadi miezi mitatu hivi, kwa kuwa katika kipindi hicho ubongo unajitengeneza wenyewe kwa kasi, uvimbe unashuka, na nyuzi zilizozimia bila kufa zinaamka. Mama yuko wiki ya 10, kwa hiyo bado yumo ndani ya kipindi hicho, na sitaki siku moja ipotee. Lakini mlango haufungwi siku ya 90. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika vituo saba vya Marekani, ukiwa na wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Baadhi yao walifungwa mkono mzuri kwa glavu nene, wakalenga kukaa nayo asilimia 90 ya saa walizokuwa macho kwa wiki mbili, huku wakifanyishwa kazi za mkono mgonjwa kwa saa nyingi kila siku, na walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Huko London, katika hospitali ya magonjwa ya neva iliyopo Queen Square, kuna programu ya mkono ya wiki tatu yenye saa 90 za mazoezi, na wagonjwa zaidi ya 200 ambao taarifa zao zilichapishwa mwaka 2019 walipiga hatua ingawa wengi wao walikuwa wamepita mwaka mzima tangu wapate kiharusi. Baada ya miezi mitatu kinachobadilika ni bei: hatua ile ile hudai kazi nyingi zaidi.

Je, mkono utarudi? Nakuambia nitakavyomwambia mama mwenyewe akiwa mbele yangu. Kuna dalili mbili tunazozitazama mapema, yaani kunyanyua mkono kwenda pembeni kutokea begani na kunyoosha vidole. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza yote mawili kidogo ndani ya siku tatu za mwanzo ana nafasi ya asilimia 98 ya kupata matumizi fulani ya mkono ifikapo mwezi wa sita, na asiyeweza hata moja ana nafasi ya asilimia 25. Mama ameshapita siku hizo, kwa hiyo namba hizo hazimhusu moja kwa moja, lakini zinatuonyesha pa kutazama. Kwamba bega linanyanyuka na vidole vinafumbuka, hata kwa tabu, ni habari njema ya kweli. Natarajia mkono unaoweza kushika bakuli wakati wa kushoto unakoroga, kusukuma, kushikilia, kubeba kitu chepesi na kusaidia kuvaa. Kama utarudi kuandika au kutunga uzi kwenye sindano, hilo siwezi kuliahidi, na ningewakosea heshima kama ningeliahidi.

Sasa kazi yenyewe. Watafiti waliohesabu mizunguko, yaani mara ambazo mgonjwa anarudia kitendo, katika vipindi vya mazoezi nchini Marekani na Kanada mwaka 2009 walikuta kwamba, katika vipindi ambamo mkono ulifanyishwa kazi halisi, wastani ulikuwa mizunguko 32 tu, wakati wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika walikuwa wakifanya mamia kwa siku. Mwaka uliofuata timu hiyo hiyo ilionyesha kwamba wagonjwa wanaweza kufikisha mizunguko 300 katika saa moja bila kuumia, wakichagua kazi tatu na kurudia kila moja mara 100. Mama asianze na 300. Aanze na 60 kwa siku, agawe mara nne, na kila baada ya siku chache aongeze, mradi bega halimuumi zaidi usiku wa siku ile. Uchovu wa mkono ni sawa. Maumivu makali ya bega si sawa.

Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikikanyaga sakafu, meza ikiwa usawa wa kitovu au juu kidogo. Utaona kwamba akitaka kufikia kitu atainama na kiwiliwili chote, na mkono wenyewe hautanyooka. Chukua kanga, ipitishe kifuani na nyuma ya egemeo la kiti, ifunge bila kubana pumzi, ili kiwiko kilazimike kufunguka. Ni jambo dogo lisilo na gharama, na wataalamu wa Kanada walilipima wakaona linasaidia.

Kazi ya kwanza iwe ya kusukuma. Weka kitambaa laini mezani, kiganja cha kulia juu yake, na asukume kwenda mbele hadi kiwiko kinyooke, kisha arudishe. Meza inaubeba uzito wa mkono, kwa hiyo hata bega dhaifu linaweza. Mwanzoni mkono wa kushoto uweke juu ya wa kulia na usaidie. Siku zinavyokwenda upunguze msaada hadi wa kulia uende peke yake, kwanza mbele, halafu kuelekea pembeni.

Kazi ya pili ni kushika na, zaidi ya yote, kuachia. Kikombe cha plastiki, kisicho na maji, kihamishwe kutoka alama moja ya mezani hadi nyingine. Kufumba ataweza, kazi itakuwa pale pa kufumbua. Mfundishe akunje kifundo cha mkono kidogo kwenda chini wakati wa kuachia, kwa kuwa kifundo kikishuka vidole hulegea na kufunguka kwa urahisi, na mwachie muda wa kutosha bila kumfumbulia. Ataweza kutumia nusu dakika kwa kuachia kikombe kimoja tu. Nusu dakika hiyo ndiyo tiba, na najua ni vigumu kwa mtoto kumtazama mzazi wake akihangaika hivyo bila kunyoosha mkono kumsaidia.

Kazi ya tatu ifanyike kwenye ungo. Tandaza maharage, aokote moja moja kwa dole gumba na kidole cha shahada, aweke kwenye bakuli. Kama ni madogo mno kwa sasa, anza na ndimu au vizibo vya chupa za maji, halafu ushuke hadi maharage, halafu punje za mahindi, na siku moja achague mchele. Bakuli lenyewe linahesabu kwa niaba yenu. Kazi inafaa ikiwa anafaulu mara nyingi na anakosa mara chache; akifaulu kila mara ifanyeni iwe ngumu zaidi, na akishindwa kila mara irahisisheni.

Kuhusu kufunga mkono mzuri, kuna kipimo chepesi. Weka kitambaa cha kufutia vyombo mezani. Mama akiweza kukiokota kwa mkono wa kulia, kwa namna yoyote ile, na kukiachia, anafaa kuanza. Mvalishe soksi nene mkono wa kushoto kwa saa mbili kwa siku, wakati wa mazoezi ya mezani na wa kula vitu vya kushika kama viazi au ndizi, na muongeze muda kadiri anavyozoea. Soksi ivuliwe kila anapotaka kusimama, kwa kuwa mkono huo ndio unaoshika fimbo, na isivaliwe msalani, ngazini wala karibu na moto. Kama hawezi bado kukiachia kitambaa, msimfunge. Atakata tamaa bure. Rudieni kipimo kila Jumapili.

Kwa wakati ambao vidole vinagoma, kioo kinasaidia. Simamisha kioo cha ukubwa wa daftari kubwa katikati ya meza mbele ya kifua cha mama, uso wa kioo ukitazama mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukifichwa nyuma yake. Akitazama ndani ya kioo ataona mkono wa kulia unaofumba na kufumbua vizuri, na wakati huo huo ajaribu kufanya hivyo hivyo na ule uliofichwa. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mapitio ya tafiti 62 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta inaongeza uwezo wa mkono na kupunguza maumivu kwa baadhi ya wagonjwa. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inatosha.

Mpira wa kufinya msinunue. Haumdhuru, ila unamzoesha kufumba, jambo analoliweza tayari, na muda wake uende kwenye kufumbua. Mashine ya umeme ni habari nyingine. Ipo inayoamsha misuli ya kunyoosha kifundo na vidole, na ikitumiwa pamoja na mgonjwa mwenyewe kujaribu, ina faida. Lakini mashine nyingi za bei nafuu madukani ni za kutuliza maumivu, hazikukusudiwa kazi hiyo, na mtu mwenye betri ya moyo hatakiwi kuiwasha kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mfiziotherapia awaonyeshe kwanza pa kubandika. Nauli ya kwenda hospitali ina thamani kuliko mashine inayobandikwa pasipo pake.

Mtauziwa pia sindano za vitamini kwa jina la sindano za mishipa. Mgonjwa asiye na upungufu wa vitamini hazimrudishii mkono. Hata fluoksetini, dawa ya sonona ambayo miaka ya nyuma ilitupa matumaini makubwa, ilipojaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 3,127, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha haikuongeza uwezo wao, na waliovunjika mifupa walikuwa wengi zaidi. Hapo nilikuwa nazungumzia mkono. Kama mama analia mara kwa mara, hali chakula vizuri, hataki kuongea, mwambieni daktari, maana sonona baada ya kiharusi ni ugonjwa unaotibika na mgonjwa mwenye huzuni nzito hana nguvu ya kurudia jambo mara 300.

Vidonge vya presha visikosekane hata siku moja, hata akijisikia mzima. Mkipima kabla ya mazoezi na namba ya juu ikiwa 180 au zaidi, acheni mazoezi na mwende kituo cha afya. Mdomo ukipinda upya, maneno yakipotea au upande ukilegea ghafla, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Mara moja kwa wiki mbili hospitali si kidogo kama itatumiwa vizuri. Nenda na daftari lenye idadi ya mizunguko ya kila siku, na video fupi za simu za zile kazi tatu, zilizopigwa kutoka sehemu ile ile. Mwombe mfiziotherapia asitumie kipindi chote kumnyoosha mama, bali achague kazi za wiki mbili zijazo na akurekebishe wewe unayemsimamia, kwa kuwa wewe ndiye utakayekuwa naye. Huko Kanada programu ya namna hii ilijaribiwa katika utafiti wa wagonjwa 103, na wale waliopewa kitabu cha mazoezi na vifaa vya kufanyia nje ya kipindi cha mtaalamu walipata nafuu ya mkono kuliko wenzao ndani ya wiki nne. Uliza pia kama kuna mtoa tiba kwa vitendo, yule anayeshughulikia kula, kuvaa na kupika. Kama hayupo Korogwe, ulizia hospitali ya Bombo mjini Tanga, au hospitali ya KCMC Moshi, ambako wataalamu wa fani hizo mbili hufundishwa. Na ikiwa vidole vinaanza kukaza kiasi kwamba kiganja hakisafishiki, mwambie daktari mapema, kwa sababu ipo sindano ya kulegeza misuli iliyokaza, nayo hufanya kazi vizuri zaidi kabla viungo havijakakamaa.

Umemalizia na maandazi, na nimefurahi, kwa sababu kazi ambayo mtu ameifanya maisha yake yote ndiyo zoezi ambalo ubongo wake unalijua kuliko lolote nitakalobuni mimi. Mama arudi jikoni wiki hii, akiwa ameketi. Weka donge dogo la unga mezani, alikande kwa viganja vyote viwili, wa kulia ukifunguliwa kwa msaada wa wa kushoto na kukandamiza. Unga laini unafumbua vidole kuliko mpira. Asukume kwa mti wa chapati, mikono miwili pamoja. Halafu ashikilie donge kwa mkono wa kulia na kukata kwa wa kushoto, hadi siku kisu kitakapohama. Kabla ya kumkabidhi jiko, mgusishe vidole vya kulia kijiko cha vuguvugu na cha baridi huku amefumba macho. Akikosea kutofautisha, karai la mafuta libaki kwa mdogo wako kwa sasa, na mama akae upande wa pili wa meza, pale unga unapokandwa na kukatwa.